Heshima Iliyowatisha Tumbili

Kisa alipoolewa katika kijiji cha Mwaya alijifunza kwanza kusikiliza. Kabla hajajua kisima kiko wapi wala jirani yupi ana maneno mengi, alikwishajua kikohozi cha baba mkwe wake, mburuzo wa kandambili zake na mlio wa baiskeli yake inapoiacha barabara na kuingia njia ya nyumbani. Kila aliposikia kimojawapo alitoka njiani. Akiwa uani aliingia jikoni. Akiwa jikoni alirudishia mlango.

Ilikuwa desturi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hamwangalii, hataji jina lake, hali naye chakula, na ikitokea wakakaribiana njiani, mmoja hana budi kupotea. Familia nyingi za Kyela zimekwisha kulegeza, na siku hizi wapo wakwe wanaopanda pikipiki moja na baba wa waume zao kwenda mjini. Mzee Angetile, baba mkwe wa Kisa, hakulegeza. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa mpunga na kokoa, mtu asiyepaza sauti, na hakuona ukali wowote katika jambo hilo. Kwake ilikuwa adabu ya pande zote mbili: binti wa watu amekuja nyumbani kwako, unampa nafasi.

Mara moja tu walikosea. Mwaka wa kwanza wa ndoa, kwenye kona ya shamba la kokoa, kila mmoja alikuwa amebeba mzigo wa majani ya migomba ya kuvundikia kokoa, na majani yalikuwa yamemziba macho. Nusura wagongane. Kisa alirukia mtaroni akapoteza kiatu. Mzee aligeuka akarudi nyumbani, na mchana ule hakula. Tangu hapo, akijua Kisa yuko shambani, hakuingia bila kujitangaza. Kifua chake hakikumruhusu kukohoa kwa nguvu, kwa hiyo alichukua debe la mafuta lililotoboka, akalitia kamba, akawa analigonga kwa kipande cha nondo. Aligonga mwanzoni mwa shamba, akangoja, akaingia. Aligonga tena kila alipobadili upande. Majirani walizoea. Kisa aliposikia debe alijua pa kuelekea, na moyoni alishukuru, kwa sababu wapo baba wakwe wasiojali kama binti wa watu ataaibika.

Mume wake, Lameck, alikuwa seremala Tukuyu na alirudi nyumbani mwisho wa juma. Kisa mwenyewe alizaliwa Ngana, akamaliza kidato cha nne, akapata alama nzuri za baiolojia na mbaya za hesabu, akaolewa. Aliishi na mama mkwe wake, Veronika, kwa amani ya kawaida, ile ya kugombania chumvi asubuhi na kucheka pamoja jioni.

Kisha ulikuja mradi wa tumbili.

Ulikuwa mradi wa chuo kikuu, na aliyeuleta Mwaya alikuwa Marystella, mwanafunzi wa uzamili aliyetoka Morogoro, mzaliwa wa Bukoba, msichana mwenye miwani na sauti ndogo. Alifika kwa Veronika kuomba ruhusa ya kupita shambani, kwa kuwa kundi moja la tumbili lililala kwenye miti ya kando ya mto Mbaka na kushinda katika kokoa ya Mzee Angetile. Veronika alikuwa anapepeta mchele.

“Yaani umesoma mpaka chuo kikuu,” Veronika alimwambia, “umepanda basi kutoka Morogoro, kuja kuokota mavi ya tumbili?”

“Ndiyo, mama.”

“Na nyumbani kwenu wanajua?”

“Wanajua. Baba anawaambia watu nasomea udaktari.”

Veronika alicheka mpaka ungo ukamponyoka, na baada ya hapo ruhusa haikuwa na shida.

Marystella alieleza kazi kwa maneno machache. Mnyama akiogopa, mwili wake unamwaga homoni ya msongo, ile inayoupa moyo mbio na miguu nguvu ya kukimbia. Mabaki yake hutoka kwenye kinyesi, hivyo hofu ya mnyama inaweza kupimwa bila kumshika. Jambo la pili ni bakteria wa utumbo. Mtoto hazaliwi nao wa kutosha. Anawapata kwa mama anapozaliwa, kwenye maziwa, kwenye manyoya anayong’ang’ania, kwenye udongo na majani. Ndio wanaosaga chakula chake na kuufundisha mwili wake kupambana na magonjwa. Swali la mradi lilikuwa hili: mama akiishi na hofu wakati wa ujauzito, je, mtoto wake atakuwa na bakteria tofauti na mtoto wa mama aliyetulia? Na kama ni tofauti, inamsaidia au inamdhuru? Kwa hilo la mwisho Marystella alisema hajui, na wanaojua zaidi yake nao bado wanabishana.

Ili kulijibu walihitaji makundi mawili. Kundi la Ngana liliishi kati ya mashamba yenye mbwa na manati; hilo lilikuwa kundi la hofu. Kundi la Mwaya lilikuwa kundi la utulivu, maana Mzee Angetile hakufuga mbwa na hakuweka mitego. Alipoteza kokoa kila msimu, tumbili walitoboa matunda na kufyonza utelezi mtamu wakazitema mbegu, naye alisema tu kwamba Mungu aliwaumba bila shamba.

Kundi la Ngana lilipata mfuatiliaji wake, na Kisa akachukuliwa kulifuata la Mwaya. Marystella alimwambia mapema jambo lililomfanya akubali kabla ya kumpigia mume wake simu: mfuatiliaji atakayekaa na kundi moja tangu mimba mpaka watoto waache ziwa, mradi utampeleka kusomea astashahada ya wanyamapori. Kisa hakumwambia mtu. Alikuwa na umri ambao wenzake waliosoma naye walikwisha kuwa wauguzi na walimu, na alikuwa ameacha kuwauliza habari za vyuo.

Kazi yenyewe ilitaka uvumilivu kuliko akili. Kisa aliingia shambani kukipambazuka, akakaa chini ya mti ambao tumbili waliushukia, akawafuata polepole walipohama. Aliwatambua kwa alama: mmoja mkia uliokatika ncha, mwingine kovu juu ya jicho. Alimpenda zaidi jike mmoja mwenye sikio lililochanika, aliyemwita Sikio. Mnyama alipojisaidia, Kisa alihakikisha ameona ni nani, akavaa glavu, akachukua kidogo kwa kijiti, akagawa: kichupa kimoja cha homoni, kingine chenye maji ya kuhifadhi bakteria. Vyote vilikaa kwenye boksi la barafu mpaka pikipiki ilipovichukua kupeleka Kyela mjini.

Wanakijiji walimwita Mama Mavi. Alikasirika kidogo, kisha akaitikia.

Majike walishika mimba mvua za masika zilipokatika. Tumbo la Sikio lilianza kuonekana wakati mpunga unavunwa. Sampuli zilikwenda mkupuo baada ya mkupuo, na mwezi wa nane Marystella alipiga simu.

“Dada Kisa, huko kwako kuna nini?”

“Kuna jua tu. Kwani vipi?”

“Majibu ya maabara yamekuja. Majike wako wana hofu kuliko wa Ngana.”

“Wa kwangu? Hapana. Wamechanganya vichupa.”

“Hawajachanganya, nimerudia kuuliza. Kuna mbwa wameanza kuja?”

“Hamna.”

“Tai je? Watoto wenye manati? Mtu anayekata miti?”

“Hamna, dada. Kumetulia kabisa.”

Ndipo Marystella akasema alichokuwa anakiogopa. Mwalimu wake ameona majibu, na anataka kundi la Mwaya liachwe, kwa sababu kundi la utulivu lisilo na utulivu halina kazi. Ametoa nafasi moja: Marystella aende mwenyewe akaangalie. Kisa aliuliza, kundi likiachwa mfuatiliaji wake inakuwaje. Marystella alijibu kwamba Ngana tayari kuna mtu. Hilo lilitosha.

Marystella alikuja wiki ile ile. Wakaingia shambani wawili, wakakaa mgongo kwa mgongo chini ya mwembe ulio katikati ya kokoa. Ilikuwa asubuhi nzuri. Sikio alikuwa kwenye tawi la chini, tumbo limemjaa, anachuma majani machanga kwa mkono mmoja. Majike wengine walichambuana manyoya. Marystella aliweka darubini machoni na alianza kuamini kwamba maabara ndiyo imekosea.

Debe lililia kutoka upande wa barabara.

Tumbili wote walisimama. Dume mmoja alitoa mlio mkali wa hatari, na kundi zima likaruka juu, majike wakiwa mbele. Matawi yaligongana, matunda mawili ya kokoa yakaanguka. Sikio alikosa tawi, akaning’inia kwa mkono, akajivuta, akapotea majanini. Mlio wa pili wa debe ulifuata, karibu zaidi.

“Nini hiyo?” Marystella aliuliza. Aligeuka akamkuta Kisa amekwisha kuchutama nyuma ya mgomba, kanga imemfunika mpaka usoni.

“Kisa! Nini hiyo?”

“Nini?” sauti ilitoka ndani ya kanga.

“Hiyo kelele.”

“Kelele gani?”

“Hilo debe!”

“Ah, hilo. Hiyo siyo kelele. Ni mzee anapita.”

Mzee Angetile alipita kweli, mbali kidogo, nyuma ya safu ya migomba, panga begani na debe mkononi, uso ameuelekeza upande mwingine kwa makusudi. Alimsalimu Marystella bila kugeuka. Alipokwisha kwenda, Kisa alijifunua, akapangusa magoti.

“Anafanya hivyo kila siku?” Marystella aliuliza.

“Kila siku nikiwa humu. Nisipokuwepo hana sababu ya kugonga.”

“Na kabla ya mradi?”

“Kabla ya mradi mimi nilikuwa nakuja humu kwa nadra. Wakati wa kuvuna, basi.”

Marystella aliivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu. Kisa naye alikuwa amekwisha kuelewa, na uso wake ulikuwa umebadilika. Mtu aliyeletwa kupima utulivu wa tumbili ndiye aliyewaletea debe. Alikuwa ameulizwa kuhusu mbwa, tai na manati, na alijibu ukweli mtupu. Lile debe halikumjia akilini, kama vile mtu akiulizwa kuna kelele gani mtaani kwao hataji kengele ya kanisa.

Siku hiyo, kabla ya kupanda gari la kurudi mjini, Marystella alimpigia mwalimu wake simu akiwa barabarani. Alirudi na jambo ambalo halikuwa ushindi wala hasara. Mwalimu amesema kosa hilo linaweza kuwa na faida. Bado haijulikani vizuri ni kipindi gani cha mimba ambacho hofu ya mama inaacha alama kwa mtoto, mwanzoni au mwishoni. Ikiwa debe litakoma sasa, majike wa Mwaya watakuwa wameogopa nusu ya kwanza na kutulia nusu ya pili, na watoto wao watalinganishwa na wa Ngana ambao mama zao waliogopa mimba nzima. Kundi litabaki. Ila debe likome kabisa, na homoni zionyeshe kwamba limekoma.

“Ongea naye,” Marystella alisema.

Kisa alimtazama kama mtu aliyeambiwa avuke ziwa kwa miguu.

“Basi niongee naye mimi.”

“Wewe mgeni, atakukubalia chochote. Kesho atasikia aibu kwamba mkwe wake amemsemea kwa mgeni, naye atagonga zaidi ili nisidhani amekasirika.”

Alianza kwa mume wake, kwa simu, akiwa amesimama chini ya mchikichi wenye mtandao.

“Nimwambie baba aache heshima kwa ajili ya tumbili?” Lameck alisema. “Mimi hapo simo.”

“Haachi heshima. Anaacha debe.”

“Kwa baba ni kitu kimoja.”

“Lameck, wataniondoa kazini.”

“Mama ndiye anamuweza. Mimi nikimwambia ataniuliza nimekunywa nini.”

Kisa aliweka simu kiunoni akaenda kwa mama mkwe. Alimweleza yote: homoni, mimba, bakteria, kundi la Ngana. Na kwa kuwa alikwisha kuanza, alimwambia na habari ya chuo. Veronika alisikiliza huku akimenya ndizi, kisu hakikusimama. Mwishoni alisema neno moja tu la Kinyakyusa, “ndaga,” asante, kama mtu aliyeletewa kitu, akabeba sufuria.

Jioni Mzee Angetile alikula barazani. Kisa alikuwa jikoni, ukuta mmoja katikati, na aliyasikia yote.

“Baba Lameck,” Veronika alianza, “hilo debe lako linaharibu mimba.”

Mzee aliacha kutafuna. “Mimba ya nani?”

“Ya tumbili.”

“Tumbili na mimi tumekosania wapi?”

“Unawatisha. Mama akitishwa, mtoto tumboni anarithi utumbo mbaya.”

“Mama,” Kisa alinong’ona jikoni, “si mbaya. Ni tofauti.”

“Utumbo tofauti,” Veronika alisahihisha bila kugeuka. “Wamepima Morogoro.”

“Wanakula kokoa yangu,” Mzee Angetile alisema taratibu, “halafu mimi ndiye niwaombe radhi?”

“Hawataki radhi. Wanataka unyamaze.”

“Nikinyamaza nitamtokea binti wa watu kama mwizi. Tumbili hawana wa kunidai. Huyu ana wazazi Ngana.”

“Huyu binti wa watu ndiye ataondolewa kazini kwa ajili ya debe. Na kuna shule ndani yake, amekuficha.”

“Hajanificha. Hawezi kuniambia.”

“Ndiyo, na wewe huwezi kumuuliza. Mnapendeza sana ninyi wawili.”

Hakuna aliyecheka. Mzee alinawa mikono, akasema atalifikiria. Siku iliyofuata debe halikulia, lakini yeye mwenyewe pia hakwenda shambani, wala siku ya pili. Alibaki nyumbani akichonga mpini wa jembe ambalo lilikuwa na mpini. Shamba la kokoa haliachwi hivyo. Matunda yaliyoiva yanaoza mtini, meusi, na ugonjwa unahamia kwa mengine. Alijaribu kwenda mchana, jua likiwa kali, akarudi amelowa jasho na kifua kinapiga filimbi. Tumbili nao hawakufuata saa. Siku nyingine walikuwa kule mchana, na Kisa nao.

Veronika ndiye aliyekata shauri. Alichana shuka jeupe lililochakaa. Kisa akiingia shambani atafunga kitambaa kwenye mti wa mwanzo wa upande aliko: upande wa mto, upande wa barabara au katikati. Mzee ataangalia kabla ya kuingia, naye atakwenda upande mwingine. Mzee Angetile alikigeuza kile kitambaa mkononi mara mbili tatu, kama anakagua nguo ya dukani.

“Upepo ukikichukua?” aliuliza.

“Nitakifunga mafundo mawili,” Kisa alisema nyuma ya ukuta, akimwambia Veronika.

“Anasema mafundo mawili,” Veronika alisema, ingawa mume wake alikwisha kusikia.

Ikawa hivyo. Kwa tumbili, ukimya ulichukua muda kueleweka. Waliendelea kushtuka saa ile ile ya asubuhi, wakitazama upande wa barabara, na hakuna kilichokuja. Kisha wakaacha kutazama. Majibu ya mwezi wa kumi yalionyesha homoni zimeshuka kwa majike karibu wote. Marystella alituma ujumbe wa neno moja, “Tunaendelea,” na kufuatia huo mwingine mrefu uliosema kwamba kubaki kwa kundi sasa kunategemea watoto: bila sampuli za watoto katika miezi yao ya kwanza, mimba zote walizozifuata hazitakuwa na jibu.

Watoto walizaliwa mvua za vuli zilipoanza. Walikuwa weusi, nyuso za rangi ya waridi, wameng’ang’ania matumbo ya mama zao kama vifuko. Sikio alipata wake mwishoni, baada ya wengine. Hapo Kisa aligundua ugumu ambao hakuna aliyemwambia. Kinyesi cha mtoto wa tumbili ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na kwa wiki nyingi kinaishia kwenye manyoya ya mama au kinapotea kwenye majani makavu. Majike wenye watoto hawakumruhusu kusogea. Siku zilipita na vichupa vya watoto vikabaki vitupu. Majirani walipomuuliza Mama Mavi leo amepata nini, hakuitikia tena.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, ardhi imelegea, Sikio alishuka chini kabisa katika upande wa mto. Kisa alikuwa amefunga kitambaa upande wa mto, kama ilivyopangwa. Lakini Sikio hakukaa. Alihama polepole akiokota mbegu, akapita katikati, akaingia upande wa barabara, akapanda tawi la chini la mkokoa, na Kisa alimfuata hatua kwa hatua, macho juu ya yule mtoto ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameachia tumbo la mama akitembea peke yake kwenye tawi, akiyumba. Hakukumbuka kitambaa.

Mzee Angetile alikiona kitambaa kikiwa upande wa mto. Akaingia upande wa barabara, kimya, kama alivyoombwa.

Walionana kwa wakati mmoja, na kati yao ulikuwepo mti mmoja tu wa kokoa, na juu ya mti ule alikuwa Sikio na mwanawe. Kisa alikuwa amepiga goti moja. Alivuta kanga usoni, akainamisha kichwa, na hapo akakwama. Kukimbia kungemtisha Sikio. Angepanda juu na asionekane siku nzima. Mzee naye alikwisha kugeuka akauelekeza uso kwenye shina la mti, mguu mmoja hewani. Aliushusha taratibu sana. Sikio aliwatazama, mmoja kisha mwingine, akaona hakuna anayesogea, akaendelea kula.

Wakakaa hivyo. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Mvua ilikuwa imewatoa siafu ardhini, na mstari wao ulipita pale pale Mzee Angetile alipoweka mguu. Kisa, kupitia uwazi mdogo wa kanga, aliwaona wakipanda kwenye kandambili, wakaingia ndani ya suruali. Aliona mguu wa mzee ukikakamaa. Hakuupangusa. Alishika shina kwa mikono miwili kama mtu anayepimwa urefu, na pumzi yake ikaanza kutoka kwa vipande.

Mtoto wa Sikio alifika mwisho wa tawi, akashindwa kugeuka, akalia kidogo. Mama alinyoosha mkono, akamvuta mkia. Wakati anavutwa, kitu kidogo cha njano kilianguka, kikagonga jani la kokoa, kikateleza.

Kisa alikuwa ameinamisha uso. Hakuona kimeangukia wapi. Mzee Angetile alikuwa ameona, kwa pembe ya jicho, kwa sababu alikuwa anatafuta kitu chochote cha kutazama mbali na siafu. Hakuweza kumwambia. Aliliambia shina la mti lililokuwa mbele yake, kwa sauti ya chini:

“Wewe mkokoa, kama kuna mtu anatafuta kitu, kiko mkono wako wa kushoto, juu ya jani kubwa jekundu. Na afanye haraka, maana mimi naliwa.”

Kisa alitambaa, kanga usoni, mkono ukapapasa, ukapata jani jekundu. Kilikuwepo. Akagawa kwenye vichupa viwili, na alipokwisha kufunga vifuniko aligonga kimoja kwa ukucha mara moja, ishara ambayo haikuwa katika mpango wowote. Mzee Angetile aliondoka. Alitembea kwa heshima mpaka kwenye migomba, na kutoka hapo alisikika akikimbia.

Sikio hakupanda juu. Alimweka mtoto kifuani na kuhamia tawi la pili.

Kisa alibaki na kundi mpaka mchana, kisha akalipeleka boksi la barafu barabarani na kumtumia Marystella ujumbe: mtoto wa Sikio amepatikana. Aliporudi nyumbani alipitia nyuma. Kutoka chumbani alimsikia Veronika akicheka kwa kukosa pumzi, na mzee akisema, “Pole pole, huyo amezama,” na Veronika, “Vua basi suruali, mzee wa kanisa, nani anakuona?”

Aliingia jikoni, akawasha moto, akainjika maji. Muda si mrefu Veronika alikuja, machozi ya kicheko bado mashavuni, na mkononi ameshika siafu mmoja kwa kichwa kama ushahidi.

“Umepata?” aliuliza.

“Nimepata, mama.”

“Na chuo?”

“Wakiacha ziwa wote, ndiyo.”

Veronika alimtupa siafu motoni. Akaketi kwenye kigoda, akapunguza sauti, ingawa ukuta ulikuwa ule ule na mtu wa upande wa pili alikuwa macho.

“Huko ndani wananiuliza,” alisema, “huyo mtoto ni wa kiume au wa kike?”

“Sikuona, mama. Nilikuwa nimejifunika.”

“Basi kesho ukaangalie vizuri. Nimeambiwa nisirudi bila jibu, na mimi nataka kulala kitandani kwangu.”